Chini ya Lipu

Ukuta ukikatwa ndani ya programu ya kuundia majengo, unafunguka. Ule mstari mmoja mnene uliotanda kwenye skrini unagawanyika kuwa milia: mlia mwembamba wa rangi, mlia wa lipu wenye vinukta vya mchanga, mlia mpana wa bloku uliochorwa mshazari, kisha lipu ya upande wa ndani, kisha rangi tena. Kila mlia una jina, una unene wa milimita kadhaa, una kazi uliyopewa. Ukiufuata mkato mpaka chini, milia inalala: marumaru, saruji ya kusawazishia, zege la jamvi, nailoni, mchanga, moramu, mawe, na baada ya mawe ni ardhi ya Dodoma yenyewe, ambayo programu huichora kwa vijistari vichache na kuiachia hapo. Nyumba niliyokuwa nikiitazama haikuwa na cha ajabu. Vyumba vitatu na sebule, bati jekundu, kiwanja kimoja kati ya vingi vilivyopimwa mashariki mwa mji, Nzuguni kuelekea Ihumwa na Mtumba. Lakini mkato wake ulinikalisha. Nyumba iliyokwisha kupakwa rangi hunyamaza. Iliyokatwa inataja kila kitu: imekula nini, imebaniwa wapi, na nani atakuja kulipa baadaye.

Ajabu ya programu hizi ni kwamba tabaka zipo hata zisipoonekana. Katika Revit, mojawapo ya programu hizo, mchoro ukiwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa cha undani, ukuta wowote, uwe wa bloku tupu au wa tabaka saba, huonekana mistari miwili sambamba na uwazi katikati. Ukipandishwa hadi kiwango cha kati au cha juu, milia hujitokeza yote kwa mara moja, bila mtu kuongeza chochote. Katika Archicad mchoraji anaweza kuagiza jengo zima livuliwe umaliziaji, au libaki na viini vya kuta tu, au libaki na vile vinavyobeba mzigo peke yake, na baada ya kutazama akalivika tena. Picha ya pande tatu ni ngumu zaidi: jicho huishia kwenye rangi, mpaka jengo likatwe au ukuta utenganishwe tabaka kwa tabaka. Wanaojifunza huhangaika hapo. Wameandika kila tabaka, wamechagua kila kifaa, lakini skrini inawaonyesha ukuta mtupu, nao hudhani kazi yao imepotea. Haijapotea. Wanaitazama kutoka mbali mno.

Na kutazama kutoka mbali kuna haki yake. Mchoro wa mtaa mzima ukichapwa kwa kipimo cha 1 kwa 500 na kila lipu na kila rangi ikaonyeshwa, karatasi itajaa wino mtupu. Wachoraji wa zamani, waliofanya kazi kwa kalamu na karatasi za kupitisha mwanga, walilijua hilo: karatasi ya kuta ililazwa chini, juu yake ya mabomba, juu yake ya umeme, na aliyetaka kuona moja aliziondoa nyingine. Kuficha ni sehemu ya kuona. Ninachojiuliza ni juu ya mkono unaoshika swichi hiyo ya undani. Ukishaishusha ili mambo yaonekane mepesi, huipandisha tena lini?

Dodoma, naona, imetazamwa kwa kiwango hicho cha chini kwa muda mrefu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka huohuo Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mpango kabambe wa mji ulitoka mwaka 1976, kazi ya kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Baada ya hapo miaka ikapita, ofisi zikibaki Dar es Salaam, mpaka Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahama kweli. CDA ikavunjwa mwaka 2017, mji ukawa jiji mwaka 2018, wizara zikaota Mtumba, Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023, na mwaka uliofuata treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka pwani. Haya yote yanasimuliwa kwa mistari miwili sambamba, tarehe na tarehe, na uwazi katikati. Ukiukata mji wenyewe utakuta mengine. Chini ya barabara za lami kuna reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1910. Chini ya reli kuna njia za misafara ya karne ya kumi na tisa, iliyokuwa ikivuka Ugogo kwa kulipa hongo kwa watemi, kwa sababu maji yalikuwa ya mwenyeji na kiu ilikuwa ya msafiri. Chini ya njia hizo kuna mashamba ya uwele na mtama, mapito ya ng'ombe, na nyumba za tembe. Kila tabaka lilijengwa na watu walioliona lililo chini yake kuwa kifusi.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: wahenga walisema hivyo kabla ya programu yoyote. Lakini mgeni akishaingia ndani bado anaona rangi. Kuingia ukutani ni safari nyingine, na mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kuifanya.

Kuna tabaka moja katika orodha hizi linalonigusa kuliko mengine yote. Ni lile la utando. Revit hulipa sharti ambalo halilipi tabaka jingine: unene wake lazima uwe sifuri. Limo katika orodha, lina jina na kifaa chake, lakini ukuta hauongezeki hata kwa upana wa unywele. Nyumba ya Dodoma ina tando za namna hiyo. Kuna karatasi ya kuzuia unyevu inayolazwa juu ya ukuta wa msingi. Kuna nailoni inayotandazwa kabla ya kumwaga jamvi. Na kuna dawa ya mchwa inayonyunyizwa ardhini kabla ya nailoni, ambayo hata jina la tabaka hainalo, maana udongo huinywa na kurudi ulivyokuwa. Hizi ndizo zinazoamua kama nyumba itazeeka kwa heshima. Uwanda huu wa kati ni nchi ya vichuguu. Mchwa hawahitaji kukaribishwa, njia zao zilikuwepo kabla ya kiwanja kupimwa. Na ni nchi ya chumvi: upande wa Bahi watu walikuwa wakipata chumvi kutoka kwenye udongo wenyewe.

Chumvi hiyo inajua kupanda. Unyevu wa ardhini huingia katika vitundu vya bloku visivyoonekana kwa macho na kupanda taratibu, ukibeba chumvi iliyoyeyuka. Ukifika mahali hewa inapougusa, maji hukauka na chumvi hubaki. Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, upepo haukosekani, na mvua huja kati ya Desemba na Aprili tu. Kwa hiyo ukutani ukaukaji hauchoki. Chumvi hukua ndani ya lipu, huisukuma, rangi huvimba, halafu hupukutika. Tembea mitaa yetu na utazame kuta kuanzia chini mpaka usawa wa goti: ule unga mweupe, yale magamba, ile mistari ya viraka vya rangi isiyofanana na ya mwanzo. Pale ndipo unapousoma utando ambao haukuwekwa. Fundi huitwa, hukwangua, hupiga skimu, hupaka. Mwaka unaofuata huitwa tena.

Nailoni ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika nyumba nzima. Tatizo lake si bei. Ina alasiri moja tu ya kuwekwa, kabla zege halijamwagwa, na ikipita alasiri hiyo hakuna fedha itakayoirudisha mahali pake isipokuwa kwa kufumua jamvi lote. Nikiitazama kwenye skrini, mstari mmoja wenye unene wa sifuri kati ya zege na mchanga, najiuliza ni vitu vingapi katika maisha ya watu vina umbile hilo. Neno ambalo mzazi alipaswa kumwambia mtoto kabla hajaondoka. Mkataba wa mdomo kati ya majirani wawili juu ya mpaka. Uangalizi wa mhasibu mwaminifu katika ofisi isiyomjua kwa sura. Vyote hivyo havichukui nafasi yoyote mpaka siku vinapokosekana, na siku hiyo nyumba inakuwa na watu ndani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Programu hizi, kwa ubora wao, zinamlazimisha mchoraji kutaja kilichoundwa. Hawezi kuandika "ukuta" na kuishia hapo. Anaulizwa ni wa nini, unene gani, upande upi ni wa nje, kiini kinaanzia wapi na kuishia wapi. Tena anaulizwa cheo cha kila tabaka. Kinachobeba mzigo hupewa nambari 1, umaliziaji wa mwisho nambari 5, na kuta mbili zinapokutana kwenye kona, chenye nambari ndogo hupita moja kwa moja na chenye nambari kubwa husimama pembeni. Bloku hukutana na bloku, lipu husubiri. Napenda utaratibu huo. Kona nyingi za maisha yetu ya mjini zimeachiwa lipu ipite kwanza.

Lakini kuna jambo programu hailijui. Inaamini. Ukiiambia lipu ni milimita 15, itakuwa milimita 15 kutoka kona hadi kona, kutoka sakafu hadi linta, bila kuyumba. Ukuta wa mita 4 kwa mita 3 una mita za mraba 12. Lipu ya milimita 15 pande zote mbili ni mita za ujazo 0.36, na mkadiriaji ataandika hivyo. Kiwanjani mambo hugeuka. Aliyejenga bloku kwa haraka, bila kuvuta uzi kila kozi, huacha ukuta wenye tumbo, na anayekuja kupiga lipu hulazimika kujaza mpaka wastani wa milimita 25 ili macho yaone unyoofu. Sasa ni mita za ujazo 0.6, theluthi mbili zaidi ya ilivyokadiriwa, na unene wote huo wa ziada ni gharama ya kusitiri kosa la mtu aliyekwishalipwa na kuondoka. Ukiingia sebuleni utasifu ukuta. Milia ya kwenye skrini ni ahadi; ukweli wa ukuta anaujua aliyeshika mwiko. Ndiyo maana namheshimu mno fundi anayemwita mwenye nyumba kabla ya kufunika, akamwonyesha nondo zilivyofungwa, akamwonyesha nailoni ilivyopandiana kwenye maungio, ndipo akaomba ruhusa ya kumwaga zege.

Fungua maktaba ya kuta inayokuja na programu na utajua imetoka wapi. Revit ilizaliwa Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990; Archicad ni ya Budapest, Hungaria. Kuta zake zilizopangwa tayari ni za watu wanaopambana na baridi: tofali la urembo nje, pengo la hewa, sufu ya madini, fremu ya chuma, ubao wa jasi. Mchoraji wa Dodoma huzifuta na kuandika ukuta wake: lipu, bloku ya inchi sita, lipu. Hilo ni jepesi. Kazi iko kwenye kuandika tembe.

Tembe ya Wagogo ni nyumba ndefu ya pembe nne, fupi kwa kimo, inayozunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini, boriti hulazwa kwenye panda, juu yake mapau, juu yake fito, juu yake nyasi, na juu ya vyote udongo, uliokandamizwa hadi paa likawa uwanja. Paa hilo karibu ni tambarare. Juu yake huanikwa mtama, maboga, na vitu visivyotakiwa kufikiwa na mbuzi. Kuta ni miti iliyosimamishwa kwa karibu, ikakandikwa udongo, ikasiribwa ndani na nje. Nyumba hii ilitokana na nchi yake. Nyasi ndefu za kuezekea ni chache huku, miti mirefu iliyonyooka ni michache, mvua si nyingi kiasi cha kudai paa la mgongo, na upepo wa uwanda huona shida kukinyanyua kitu kilichoinama. Paa la udongo pia haliwashwi moto kirahisi, jambo lililokuwa na uzito mkubwa zamani za mavamizi. Jamaa zake wameenea katika nchi kavu za kati, kwa Wanyaturu, kwa Warangi, kwa Wahehe, na huko Kwihara karibu na Tabora bado inaonyeshwa tembe ya wafanyabiashara wa misafara ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872.

Sasa iandike katika programu. Kiini cha ukuta ni nini: ni mti au ni udongo? Programu inataka kila tabaka liwe na kifaa kimoja, na hapa miti na udongo vimeshikana hivi kwamba kimoja kikitoka kingine kinaanguka. Unene wake ni kiasi gani? Unategemea nguzo ilivyopinda na kiganja kilichosiriba. Na paa: boriti, mapau, fito, nyasi, udongo, tabaka tano, zote zinaandikika. Kisha unafika kwenye utando wa kuzuia maji na unakuta hakuna. Hakuna nailoni, hakuna lami. Maji huzuiwa na unene wa udongo, na mteremko mdogo, na mtu anayepanda juu kabla ya masika, kila mwaka, kutazama mahali palipoliwa, kuongeza udongo na kuukanyaga. Tabaka lenye unene wa sifuri katika tembe ni kazi ya binadamu. Ikikosekana msimu mmoja, paa linavuja. Ikikosekana misimu kadhaa, linabomoka na kurudi kuwa shamba. Programu ina nafasi ya kifaa, unene na gharama. Nafasi ya kuandika kwamba tabaka hili ni mtu, na kwamba hurudi kila mwaka kabla ya mvua, sikuiona katika orodha ile.

Ndani ya ukuta huo kulikuwa na hesabu ya joto ambayo hakuna aliyeiandika. Udongo mnene hupokea jua la mchana polepole na kulipitisha polepole zaidi, hata joto likifika ndani ni usiku, saa ambayo Dodoma ya Juni na Julai inahitaji blanketi. Bati halina subira hiyo. Saa sita mchana chumba chini ya bati bila dari huwaka, na saa sita usiku huwa baridi kama nje. Ofisi zetu mpya hutatua jambo hili kwa viyoyozi. Nyumba zetu za kawaida hulitatua kwa watu kukaa chini ya mti.

Hata hivyo sitaki kuisifu tembe kwa kuwanyamazisha waliolala ndani yake. Ilikuwa na giza na moshi. Na katika nyufa za sakafu na kuta zake za udongo walikaa papasi, ambao hutoka usiku kunyonya damu na kuambukiza homa inayopoa na kurudi, homa iliyowaumiza watoto wadogo na wajawazito wa Dodoma kuliko wengine. Tabaka huficha magonjwa pia. Serikali ilipoanzisha Operesheni Dodoma mwaka 1971, baada ya njaa za mara kwa mara, na kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na kampeni za nyumba bora zilipohimiza tofali la kuchoma, bati na sakafu ya saruji, kulikuwa na ukweli ndani yake. Sakafu ya saruji isiyo na ufa ni baraka. Mama yeyote aliyemkesha mtoto mwenye homa ya papasi atakuambia. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutazama nyumba ile kwa kiwango cha chini cha undani. Ilionekana mistari miwili iliyoitwa duni, ikafutwa yote. Laiti mtu angeikata kwanza, angeona kwamba ugonjwa uko sakafuni na ubaridi mzuri uko paani, akabadilisha la chini na kulichunguza la juu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kwa matofali yake ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa kwa kuni, unaendeleza njia inayokaribia fikra hiyo, nami natamani ingekuwa imeanza na kuenea mapema zaidi.

Ardhi nayo ni tabaka. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alisafiri Tanganyika akichimba mashimo na kuzisoma kuta zake, akaonyesha kwamba udongo hufuatana kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni: mwekundu juu, wa kichanga kwenye mteremko, mweusi wa mfinyanzi mbugani. Ukishuka kutoka vilima vya mawe vya Dodoma kuelekea mabondeni unaupita mpangilio huo kwa miguu. Na kila hatua inabadilisha nyumba. Udongo mweusi wa mbuga hunywa maji ya masika na kuvimba, kiangazi hukauka na kusinyaa, na jamvi lililomwagwa juu yake bila kuuondoa au kuutenga huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka linapasuka. Ufa hupanda ukutani mshazari kutoka kona ya dirisha. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na tunaziba kwa skimu, wakati chanzo kiko tabaka nne chini, katika ardhi ile ambayo mchoro uliiachia vijistari.

Kule Kondoa ardhi ilijikata yenyewe. Mmomonyoko ulichimba makorongo yenye kina cha kumeza nyumba, na kwenye kuta zake mtu aliweza kusoma kila kitu: udongo wa juu ulioliwa, wekundu uliobaki, mchanga uliosombwa na kutupwa mabondeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, mwaka uleule wa uamuzi wa makao makuu, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Wafugaji walibeba uchungu wa uamuzi huo, na majani yakarudi. Nadhani sadfa ya mwaka 1973 inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Mwaka huohuo mkoa mmoja uliahidiwa mji na ukaanza kudaiwa udongo wake.

Si mbali na makorongo hayo, Kolo, kuna miamba yenye michoro ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, zaidi ya mapango 150 katika vilima vya ukingo wa Bonde la Ufa. Wawindaji walichora kwa wekundu watu wembamba wenye vichwa vikubwa, twiga, tembo, pofu. Waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji, walichora kwa weupe juu ya wekundu. Rangi juu ya rangi, kila moja na unene wa karibu sifuri, na wataalamu husoma nani alitangulia kwa kutazama mstari upi umepita juu ya upi. Hapo hakuna swichi ya kupandisha undani. Kilichofunikwa kimefunikwa, na anayetaka kukiona lazima akae, asogee, angoje jua libadilike. Baadhi ya wenyeji bado hupanda hadi pango la Mongomi wa Kolo kutambika, kuomba mvua na uponyaji. Kwao tabaka lile halijakwisha kuandikwa.

Kwa hiyo napendekeza kazi moja inayowezekana. Nyumba za tembe bado zipo, zikizidi kupungua, katika vijiji vya Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Manyoni. Nyingine ni maghala, nyingine wanakaa wazee waliokataa kuhama. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi wanazo programu, wanazo kompyuta, na wanajua kukata ukuta. Waende wakapime unene wa kila tabaka kwenye kuta tatu nne za kila nyumba, waandike aina ya mti, rangi ya udongo na ulikochimbwa, mpangilio wa fito, uzito wa paa likiwa kavu na likiwa limelowa, joto la ndani saa sita mchana na saa kumi alfajiri. Waandike hata nyufa na kilichomo ndani yake. Kisha waiweke tembe katika maktaba ya kuta na mapaa, kwa Kiswahili, ili kijana anayechora nyumba ya Mtumba akifungua orodha aikute hapo pamoja na lile tofali la urembo na sufu ya madini, aikate, aipandishe undani, aamue mwenyewe nini kinamfaa. Mahali pa utando waandike jina la msimu. Na kabla ya kufungua futi ya kupimia waombe kwanza kuzungumza na kina mama wa nyumba hiyo, kwa kuwa mara nyingi ni wao waliosiriba, na wao ndio wanaojua ni mara ngapi.